Sufuria ya Presha: Tuulize Kwanza Imefanywa kwa Kitu Gani

Wanachama wenzangu,

Karafuu zikisha kuanikwa, kupimwa na kuuzwa Shirika la ZSTC, na fedha zikishaingia mkononi, ndipo mambo ya nyumbani huanza kutazamwa. Siku hizi katika nyumba nyingi naona haja ni moja: sufuria ya presha. Ni haja njema. Lakini liko jambo la kuwaambieni kabla hamjatoa fedha, nalo nilijifunza mbali na visiwa vyetu, huko Masasi na Newala, nilipokwenda kuwazuru wakulima wenzetu wa korosho.

Masasi ni mji wa majabali. Ukitoka hapo ukapanda uwanda wa Wamakonde, wafika Newala, ukingoni kabisa, na bonde la Ruvuma liko chini yako. Mvua hunyesha huko juu, lakini mchanga huyanywa maji yote, na tangu zamani wanawake wameteremka mabondeni kuyafuata. Mbaazi hulimwa kwa wingi, hizi hizi tunazotia nazi tukala kwa mandazi. Mbaazi kavu chunguni hutaka kuni nyingi na maji ya kuongezwa kila mara. Basi aliyepanda mlima na ndoo kichwani hana haja ya kuelezwa faida ya presha.

Katika nyumba niliyofikia, mama mwenye nyumba alikuwa na chungu cha udongo, na sufuria nzito ya kusubu aliyoinunua gulioni. Kijana wake alitaka kuifunga mfuniko kwa waya, ipate kuwa presha. Mama akakataa. Alisema kwamba udongo wa chungu chake anajua ulikochimbwa, ila sufuria ile hajui ilikuwa kitu gani kabla ya kuwa sufuria.

Na kweli udongo wanaujua. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala, akaandika habari za wanawake waliofinyanga vyungu kwa mikono, pasipo gurudumu.

Mama yule alikuwa na haki kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni nguvu ya mvuke. Maji katika sufuria ya wazi hayapiti digrii 100, hata uchochee kuni namna gani. Mvuke ukifungiwa, joto hufika karibu na digrii 120, na mbaazi huiva upesi. Lakini nguvu ile yataka njia ya kutokea ikizidi. Mfaransa Denis Papin, aliyeonyesha chombo cha namna hii London mwaka 1679, ndiye aliyekitia vali. Sufuria iliyofungwa kwa waya haina vali. Hiyo ni baruti jikoni.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Sufuria za kusubu huyeyushwa kutokana na vyombo vikuukuu, vipande vya injini na vyuma vingine vilivyotupwa, na humo huenda ikawemo risasi. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwamo. Katika sehemu kama thuluthi moja ya vyombo hivyo, risasi ilionekana ikitoka kwa kiasi cha kutia hofu. Risasi haina harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Anayedhurika zaidi ni mtoto, kwani huharibu akili yake ingali inakua.

Basi mwenye kununua na ayazingatie haya:

1. Chuma kisichoshika kutu ndicho bora. Bei yake ni kubwa, lakini hakisumbuliwi na ukwaju, ndimu wala nyanya.

2. Alumini ya kiwandani yafaa, ikiwa ina jina la mwenye kuitengeneza, vali na mpira wake. Usipikie vitu vikali kwa muda mrefu, wala usilaze chakula humo. Usiisugue kwa mchanga.

3. Presha za umeme nyingi zina sufuria ya ndani iliyopakwa dawa ya kuzuia chakula kushika. Tumia mwiko wa mti, na ikianza kubambuka, badilisha.

4. Sufuria ya kusubu isiyojulikana asili yake, usiipikie, seuze kuifunga.

5. Chungu usikitupe. Kisichopakwa rangi ya kung'aa ni chombo chema kwa moto wa taratibu, ila usikifungie mvuke.

Katika kupika, usijaze kupita thuluthi mbili. Kwa mbaazi na choroko, nusu yatosha. Zirowekwe usiku kucha. Safisha tundu la vali kila mara, wala usifungue mfuniko mpaka mvuke umetoka wote.

Wanachama, mnunuzi wa karafuu huzipima na kuzikagua kabla ya kutoa hata senti, nasi hatumlaumu. Nasi tuwe vivyo hivyo mbele ya mwenye duka. Tuulize chombo kimefanywa kwa kitu gani, na asipoweza kujibu, tukirudishe mahali pake. Fedha ya karafuu hupatikana kwa kupanda mti mrefu. Isirudi nyumbani kuwadhuru watoto.

Wasalaam,
Katibu wa Chama