Gari Lililolala Haliamshwi kwa Kusukumwa

Katika nyua za kambi na vituo vingi vya polisi vya sehemu zetu hizi, si ajabu kuliona gari kuukuu la Land Rover limeegeshwa pembeni, karibu na ua wa nyuma. Majani yameota hata yakafika usawa wa milango, tairi zimelala chini, na kuku wa jirani wamejipatia mahali pa kutagia. Kila apitaye hulitazama kwa namna yake. Mmoja husema hilo ni chuma chakavu, halina faida ila kupimwa kwa kilo. Mwingine husema kuwa likipewa betri mpya na kusukumwa na vijana sita litawaka leo hii, na kesho litakuwa barabarani. Kwa maoni yetu wote wawili wamekosea, na huyu wa pili ndiye mwenye kosa la hatari zaidi.

Tumeonelea vema kulizungumza jambo hili na ndugu zetu askari, kwa kuwa wao ndio walioishi na magari hayo kuliko watu wengi, na wao ndio wanaopanda nyuma yake wakati wa doria.

Kwamba gari lililokwisha kukatiwa tamaa laweza kurudi barabarani, hilo halina shaka. Mfano mmoja ulio maarufu ni wa gari lililoitwa Oxford, lenye namba SNX 891. Mnamo Septemba mwaka 1955 vijana sita waliosoma katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waliondoka London wakiwa na magari mawili ya Land Rover ya aina ya kwanza, wakakusudia kufika Singapore kwa njia ya nchi kavu. Walisafiri zaidi ya miezi sita, wakafika mwezi Machi mwaka 1956. Katika safari hiyo walipita Burma, nchi ambayo siku hizi huitwa Myanmar, wakiifuata barabara ya Ledo iliyokatwa msituni na majeshi ya washirika wakati wa Vita Kuu ya Pili. Burma hiyo ndiyo waliyoijua wazee wetu wa Keya kwa jina la Bama, walikopigana mwaka 1944. Askari wa zamani ajuaye matope ya huko hahitaji kuelezwa safari hiyo ilikuwa kazi ya namna gani.

Baada ya safari, Oxford lilipelekwa katika kazi nyingine kwenye visiwa vya bahari ya Atlantiki, na mwisho likabaki katika kisiwa cha St Helena. Likachakaa huko kwa miaka mingi, mbali na kiwanda na mbali na waliolijua, hata mpenzi mmoja wa magari hayo alipolirudisha Uingereza mwaka 2017 na kulifanyia matengenezo. Mwezi Agosti mwaka 2019 liliondoka Singapore, na mwezi Desemba mwaka huo huo likaingia London, likiwa limepita zaidi ya nchi ishirini. Tim Slessor, mmoja wa wale vijana sita wa mwaka 1955, alikusudia kwenda nalo ingawa alikwisha kuwa mzee. Ugonjwa ukamzuia, na mjukuu wake akashika nafasi yake.

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini tusisahau kwamba baina ya mwaka 2017 na mwaka 2019 gari hilo halikusukumwa na mtu. Lilifunguliwa, likachunguzwa, likatengenezwa.

Ugonjwa wa kulala

Watu wengi hudhani kwamba gari huharibiwa na kazi tu. Ukweli ni kwamba gari lisilotembea huharibika pia, ila huharibika kimya kimya. Unyevu huingia katika silinda za injini, na pistoni zikashikwa na kutu. Petroli iliyobaki katika tangi hubadilika ikawa nzito mfano wa gundi, ikaziba matundu madogo ya karbureta. Raba za breki hukauka na kupasuka. Panya hutafuna waya, na nyigu hujenga nyumba za udongo katika kila bomba lililoachwa wazi. Hata nyoka hupenda kivuli cha kiti cha dereva.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kuwasha, bali ni kutazama. Betri ya zamani iondolewe kabla ya jambo lolote. Kisha fundi alizunguke gari polepole akiandika kila anachokiona, kama vile askari mpelelezi aandikavyo mahali pa tukio kabla ya kugusa kitu. Orodha hiyo itamwonyesha mapema kama kazi yenyewe italipa gharama yake.

Chuma kilichojificha

Land Rover za kwanza zilizoonyeshwa mjini Amsterdam mwaka 1948 zilipewa bodi ya aluminiamu, kwa sababu chuma kilikuwa cha mgawo katika Uingereza baada ya vita. Jambo hilo lililotokana na uhaba liligeuka kuwa baraka, kwani aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma. Lakini baraka hiyo imewadanganya wengi. Bodi yaweza kuonekana nzima, na huku chesi iliyo chini yake imekwisha kuoza.

Chesi ya magari hayo ni ya chuma, nayo imeundwa kwa umbo la sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na matope yakiingia humo, kutu huanzia ndani na kuja nje. Rangi haionyeshi kitu. Fundi mwenye busara hulala chini ya gari akiwa na nyundo ndogo, akagonga chesi yote toka mbele hadi nyuma. Mahali pazima hulia kwa sauti kali. Mahali palipooza hutoa sauti butu, na pengine nyundo hutoboa. Hapo pasizibwe kwa lami wala kwa rangi. Pakatwe na kuungwa kwa chuma kipya, na kama ubovu umeenea, chesi nzima ibadilishwe. Kadhalika atazame palipokutana aluminiamu na chuma, maana vitu hivyo viwili vikikaa pamoja katika unyevu hulana, na alama yake ni unga mweupe.

Mkono kabla ya umeme

Chesi ikionekana nzima, ndipo injini ishughulikiwe. Plagi zote zifunguliwe, na katika kila silinda imiminwe oili kidogo, kisha gari liachwe siku kadhaa ili oili hiyo ijipenyeze. Baadaye injini izungushwe kwa mkono, kwa ile hendeli ya mbele ambayo magari hayo yalipewa kiwandani. Mkono wa mtu una hisi, starta haina. Injini ikikataa, mkono hujua na kusimama. Starta au kamba ya kuvutia huendelea, na kitu ndani kikavunjika. Injini iliyokuwa ya kusafishwa kwa siku tatu yaweza kuharibiwa kabisa kwa dakika moja ya papara.

Oili ya zamani yote imwagwe, ya injini, ya giaboksi na ya difu zote mbili. Oili ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia, na chanzo chake kitafutwe. Radieta isafishwe kwa maji mpaka yatoke meupe. Tangi la petroli lishushwe na kuoshwa. Hapa tunasisitiza: tangi lililowahi kutiwa petroli lisisogezwe karibu na moto wala lisichomelewe na asiye na ujuzi wa kazi hiyo, hata likionekana kavu, kwani mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Kuhusu umeme, lipo jambo moja ambalo vijana waliozoea magari ya sasa hawana budi kulijua. Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 waya wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha desturi ya leo. Afungaye betri kwa mazoea, bila kuuliza, aweza kuharibu mfumo wa kuchaji kabla injini haijaunguruma hata mara moja.

Breki ndizo mwisho wa hoja

Injini ikiwaka, furaha huwa kubwa, na hapo ndipo hatari ianzapo. Watu hupiga makofi, kijana mmoja akaruka kwenye usukani, na gari likatoka langoni. Hakuna aliyeuliza kama litasimama.

Ndugu askari, katika Land Rover hizo za zamani breki za magurudumu yote manne hutegemea bomba moja la mafuta. Hakuna njia ya pili. Raba moja tu, yenye ukubwa wa sarafu, ikipasuka katika gurudumu moja, mafuta humwagika na pedali ikazama hadi chini; gari lote likakosa breki kwa mara moja. Tena mafuta ya breki yana tabia ya kuvuta unyevu wa hewa, na unyevu huo hula silinda za breki kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo breki za gari lililolala miaka mingi zisijaribiwe kwanza na kutengenezwa baadaye. Raba zote na mipira yote ya kupitishia mafuta vibadilishwe, silinda zilizoliwa zitupwe, mafuta mapya yatiwe, upepo utolewe. Vumbi lililomo ndani ya magurudumu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo, maana brekishuu za zamani zilikuwa na asbesto, nayo hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Wengine hujituliza kwa breki ya mkono. Breki hiyo haikuwekwa kwenye magurudumu, bali nyuma ya giaboksi, ili ishike mti unaozungusha magurudumu. Kazi yake ni kulizuia gari lililosimama. Kuitegemea kwenye mteremko, huku askari kumi wakiwa wameketi nyuma, ni kuhatarisha roho za watu.

Tairi nazo zisihukumiwe kwa macho peke yake. Tairi lililokaa juani miaka mingi hupasuka hata kama halijawa kipara. Zile zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 zina tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Asomaye tarakimu hizo hatadanganywa na muuzaji.

Cha kuhifadhi na cha kutupa

Swali la mwisho ni hili: gari likirudi katika uhai, libaki na nini cha zamani? Mwaka 2018 kiwanda chenyewe cha Land Rover kilitangaza kulitengeneza moja ya magari yaliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Gari hilo lilitembea mara ya mwisho katika miaka ya 1960, likakaa miaka ishirini katika shamba huko Wales, kisha likalala katika bustani ya mtu karibu na mji wa Solihull, palipokuwa kiwanda kilicholitengeneza. Mafundi waliamua kuihifadhi rangi yake ya kijani iliyopakwa mwaka 1948, pamoja na uchakavu wake. Walielewa kwamba gari hilo likipakwa rangi mpya litang'aa, lakini ushahidi wa miaka yake utakuwa umefutwa.

Nasi twaona hiyo ndiyo kanuni njema. Kilicho cha usalama kiwe kipya: raba, mipira, tairi, waya, mafuta. Kilicho cha kumbukumbu kibaki: rangi, mikwaruzo, kibao cha namba. Namba ya chesi hasa isiguswe kwa tupa wala kwa rangi nzito. Polisi wajua kwamba gari lisilo na namba inayosomeka ni gari lisilo na baba, na fundi mwaminifu aliyeifuta kwa bahati mbaya atakuwa na maneno mengi ya kueleza kituoni. Namba hiyo ilinganishwe na kadi ya gari kabla nati ya kwanza haijafunguliwa.

Huenda gari lililo katika ua wenu halikuvuka Burma, wala halitaandikiwa kitabu. Lakini lilibeba wagonjwa usiku, lilipeleka mishahara vituo vya mbali, na lilipita katika mito isiyo na madaraja. Likistahili kufufuliwa, na lifufuliwe kwa utaratibu, na siku ya kutoka langoni jambo la kwanza kujaribiwa liwe ni breki. Na likionekana kwamba chesi yake imekwisha kuoza na fedha hazitoshi kuibadilisha, basi lipumzishwe kwa heshima na vipuri vyake vizima vipewe mwenzake. Kiongozi wa karakana atakayesema "hapana" siku hiyo atakuwa ameokoa watu wengi kuliko fundi aliyeliwasha.