Samaki Mwenye Kinywa cha Upande

Natumaini mmekwisha kukaa, na ubao uko mahali ambapo kila mtu auona. Wanafunzi wa Mabawe nawaomba wasikilize kwa makini zaidi, kwa maana somo la leo limetoka kwao.

Nilipolitembelea darasa la Mabawe, bibi mmoja alisimama kuandika jina lake ubaoni. Alishika chaki kwa mkono wa kushoto. Wenzake wakacheka. Yeye alimaliza kuandika, akanigeukia, akauliza: "Bwana Elimu, mkono huu nimezaliwa nao, au ni kwa sababu mama yangu hakunifunza?" Akaeleza kwamba mjukuu wake naye hutumia kushoto, na pale nyumbani wanataka kumfunga mkono huo kwa kitambaa mpaka auache. Basi swali lake halikuwa la mzaha.

Siku ile sikumjibu. Leo nitamjibu, lakini kwanza twende Kigoma. Kutoka Ngara mtu hushika njia ya Kibondo, akapita Kasulu, akashuka mpaka Ziwa Tanganyika. Maji ya Mto Ruvubu, tunaoujua sisi, hayaendi huko. Yanaingia Kagera na kumwagika Ziwa Viktoria. Ziwa Tanganyika ni ziwa jingine kabisa. Lina kina cha mita 1,470 hivi, na katika dunia nzima ni ziwa moja tu la maji baridi linalolizidi kwa kina, nalo liko Urusi. Dagaa na migebuka mnaowaona sokoni hutoka huko. Lakini samaki wa leo hamtamwona sokoni. Ni mdogo, urefu wake hauzidi sana kiganja cha mkono. Wataalamu humwita Perissodus microlepis. Sisi tumwite mla magamba, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake: hula magamba ya samaki wengine, wangali hai.

Hufanyaje? Humnyemelea mwenzake kutoka nyuma. Akifika karibu na mkia, huruka ghafula, huuma ubavuni, hujipinda, na kung'oa magamba machache. Kisha hukimbia. Yule aliyeumwa huenda zake na kidonda, naye hukaa macho zaidi tangu saa hiyo. Wizi huu ni mgumu, na mara nyingi mwizi hukosa.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Kinywa cha samaki huyu hakikunyooka. Wengine kimepinda kuelekea kulia, wengine kuelekea kushoto. Mwalimu, tafadhali chora ubaoni samaki mmoja anayeogelea, na nyuma yake chora mla magamba. Mla magamba mwenye kinywa cha kulia huenda upande wa kushoto wa yule wa mbele, kwa sababu akiwa hapo, nyama iko kuliani kwake. Mwenye kinywa cha kushoto huenda upande wa kulia. Wasiofahamu kwa mchoro, simameni wawili wawili mmoja nyuma ya mwingine, mjaribu wenyewe. Hakuna aibu, mimi mwenyewe nilipolisoma jambo hili kwanza nilisimama nyuma ya kiti.

Mtaalamu wa Kijapani aitwaye Michio Hori alichunguza samaki hawa katika sehemu ya kaskazini ya ziwa, upande wa Kongo. Alipasua matumbo yao na kutazama magamba yaliyomo. Gamba la ubavu wa kulia na gamba la ubavu wa kushoto hayafanani umbo, kwa hiyo tumbo lenyewe lilitoa ushahidi. Na ushahidi ulikuwa wazi: kila samaki alikuwa ameiba upande unaofaa kinywa chake.

Hori alihesabu pia aina hizo mbili kwa muda wa miaka 11, na mwaka 1993 akatangaza aliyoyaona. Wa kulia na wa kushoto walikuwa karibu sawa, nusu kwa nusu. Mwaka mwingine wa kulia walizidi kidogo, kisha wa kushoto wakazidi, kama mizani inayocheza. Mzunguko mmoja ulichukua miaka 5 hivi.

Kwa nini upande mmoja haushindi kabisa? Fikirini shamba la mahindi linaloingiliwa na nguruwe wa porini. Shamba lina njia mbili. Nguruwe wengi wakipita njia ya bondeni, mwenye shamba atalala wapi na mkuki wake? Bondeni, bila shaka. Basi nguruwe wachache wanaopita njia ya mlimani watakula mpaka washibe. Ndivyo ilivyo ziwani. Wezi wa kinywa cha kulia wakiwa wengi, samaki wengine huulinda ubavu wao wa kushoto. Hapo mwizi wa kinywa cha kushoto hula vizuri zaidi, huzaa zaidi, na aina yake huongezeka. Ikiisha kuwa nyingi, walinzi hugeuka. Aliye mchache ndiye mwenye nafasi.

Lakini mmesikia nimesema "huzaa, na aina yake huongezeka". Maana yake ni kwamba mtoto hurithi kinywa kutoka kwa wazazi. Ndani ya mwili wa kila kiumbe mna chembe za urithi, ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Ni kama maagizo ya kuujenga mwili. Nusu hutoka kwa mama na nusu kwa baba. Hori alidhani kwamba chembe ya namna moja tu ndiyo inayopinda kinywa. Dhana hiyo ilikuwa nyepesi na ya kupendeza, na pengine ndiyo sababu ilidumu. Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliona kwamba samaki wengi kinywa chao kimepinda kidogo tu, si kulia sana wala kushoto sana. Utafiti wao wa mwaka 2017 ukaonyesha kuwa yaelekea chembe nyingi zinashirikiana, kila moja ikitoa mchango mdogo.

Na je, kuwinda kwenyewe? Samaki huzaliwa anajua upande wake? Wajapani wawili, Takeuchi na Oda, waliwalea watoto wa samaki hawa kwa chakula cha kawaida, wasionje gamba hata moja. Kisha wakawawekea samaki wa kuwawinda. Mwanzoni watoto wale walishambulia pande zote mbili. Wakakosa, wakapata, wakakosa tena. Lakini tangu siku ya kwanza, walipouma upande unaofaa kinywa chao, mwili ulijipinda kwa nguvu na kasi zaidi. Upande huo ukawapa chakula zaidi, na polepole wakauacha ule mwingine. Habari hii ilitolewa mwaka 2017. Yaani nguvu ya upande walizaliwa nayo, kuutumia walijifunza.

Sasa bibi yangu wa Mabawe, nakurudia. Mkono wa mtu si kinywa cha samaki, na mimi sitaki mtu aseme redio imesema sisi ni samaki. Hata hivyo kwa binadamu pia chembe nyingi za urithi zina sehemu yake katika jambo hili, pamoja na mambo mengine yanayotukia mtoto angali tumboni. Kwa mashine ya kupiga picha tumboni, wataalamu wamewaona watoto ambao hawajazaliwa wakinyonya zaidi kidole gumba cha mkono mmoja, na wengi wao baadaye walitumia mkono huohuo. Mama yako hakukosa kitu. Na yule mjukuu asifungwe mkono. Mimi nilichapwa vidole kwa rula mpaka nikahamia kulia, na mwandiko wangu mpaka leo makarani hulalamika.

Kabla hamjatawanyika, zungumzeni maswali haya, na mwalimu aandike majibu:

1. Mla magamba mwenye kinywa cha kushoto huuma ubavu upi? Onyesheni kwa mchoro.

2. Ikiwa wezi wa upande mmoja watavuliwa wote, wale wa upande wa pili watapata chakula kwa wepesi zaidi au kwa shida zaidi? Kumbukeni mwenye shamba na mkuki wake.

3. Tajeni jambo moja la mbuzi au kuku wenu ambalo mnadhani limerithiwa, na jingine ambalo mnyama amejifunza. Mlijuaje tofauti?

Juma lijalo leteni punje kumi za maharage ya rangi mbalimbali. Kwaherini.