Duka Limejaa Simu, Mnunuzi Hapewi Jibu

Wapo miongoni mwetu wanaozikumbuka siku za mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo mtu alipanga foleni tangu alfajiri mbele ya duka la ushirika kwa ajili ya betri mbili za redio, na alipofika mlangoni akaambiwa zimekwisha. Taabu ya mlaji siku hizo ilikuwa kukosa bidhaa. Leo ukiteremka kwenye daladala pale Kabwe au Mwanjelwa, jijini Mbeya, utakuta maduka ya simu yamepangana, makabati ya vioo yamejaa simu za kila rangi, na spika zinapiga muziki hadi barabarani. Bidhaa ipo tele. Kinachokosekana ni jibu. Mwulize muuzaji swali la pili juu ya simu anayokuuzia, nawe utaona.

Hivi karibuni mwandishi wa makala haya alifuatana na mama mmoja mkazi wa Ilomba, ambaye huuza ndizi na maparachichi karibu na barabara kuu. Mama huyo alikuwa na shilingi 280,000, fedha alizopokea zamu yake ya upatu ilipofika. Haja yake haikuwa anasa. Mwanawe yuko chuoni, na habari zote za ada na matokeo hupitia WhatsApp. Wateja wake wa jumla nao hutaka picha ya mzigo kabla ya kutuma fedha. Kitochi chake, kilichomtumikia miaka sita, hakiiwezi kazi hiyo.

Katika duka la kwanza tulipokelewa na kijana mchangamfu, aliyevaa fulana yenye jina la kampuni moja ya simu.

"Mamaangu, chukua hii. RAM nane!"

"Hiyo nane ni nini, mwanangu?"

"Nane ndiyo nzuri, mama. Wote wanachukua hii."

Hapo ndipo maelezo yalipokomea. Kwenye boksi, kwa herufi ndogo, iliandikwa 4+4. Hebu tulieleze jambo hili, maana linawapotosha wengi. RAM ya simu ni kama meza ya fundi cherehani: kadiri inavyokuwa pana ndivyo anavyoweza kutandaza kazi nyingi kwa wakati mmoja. Nafasi ya kuhifadhi picha na sauti ni kabati lililo nyuma yake. Simu ya 4+4 ina meza ya nne tu. Nne ya pili imeazimwa kutoka kabatini, na kasi yake hailingani na ile ya meza yenyewe. Huo si wizi, kwa kuwa umeandikwa. Lakini muuzaji anayetamka "nane" na kunyamaza amesema nusu ya ukweli, na nusu aliyoificha ndiyo iliyo na fedha ya mnunuzi.

Duka la pili lilikuwa na kizuizi kingine. "Boksi likifunguliwa, umenunua," alisema mwenye duka, akionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Mama akacheka. Katika soko lolote la Mbeya hakuna anayenunua debe la mchele wa Kyela bila kutia mkono guniani, akautazama, akautafuna punje mbili tatu ajue kama haukuchanganywa. Muuza mchele haoni kuwa ametukanwa. Iweje basi kitu cha shilingi laki mbili na ushee kinunuliwe kikiwa kimefungwa, na mchele wa shilingi elfu chache uonjwe?

Juu ya bei ni heri tuseme kwa kifupi. Hazikuandikwa popote. Muuzaji hutazama kwanza kitenge na viatu, ndipo akataja. Simu ambayo mama alitajiwa 310,000, mwandishi alipoiuliza peke yake dakika kumi baadaye ilikuwa 275,000. Nje walikuwapo "mawinga", wale vijana wasio na duka wanaokimbilia simu kwenye maduka ya wenzao na kuongeza chao juu. Mmoja alileta simu "mpya kabisa" ambayo tundu lake la chaji lilikuwa limekwisha kuchubuka. Mwaka 2021 Serikali iliisamehe simu janja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, na mwaka 2022 msamaha huo ukaondolewa. Waulize waliotafuta simu katika mwaka ule kama waliiona bei ikiteremka.

Kisha kuna simu za mkopo, zinazowavuta sana wafanyakazi wa kipato kidogo. Tuseme unatoa kianzio cha shilingi 60,000, kisha unalipa 1,500 kila siku kwa mwaka mzima. Shilingi 1,500 haiogopeshi. Lakini zidisha mara 365, ujumlishe kianzio: ni shilingi 607,500. Nayo ukichelewa kulipa hufungwa kutoka mbali, hata kama mgonjwa yuko kitandani na unatafuta usafiri. Mkopo si dhambi. Ila jumla yake itajwe dukani kwa sauti ile ile inayotaja 1,500.

Haitakuwa haki kuwalaumu vijana wa dukani peke yao. Wengi wao huishi kwa kamisheni, na hakuna aliyewafundisha kitu wanachokiuza. Na katika duka la nne, lililo dogo kuliko yote, mzee mmoja alimwuliza mama swali ambalo halikuwa limeulizwa popote: "Unataka ikufanyie kazi gani?" Alipojibiwa, akaweka kando simu mbili za bei kubwa, akafungua boksi la ya tatu, akatia laini ya mama mwenyewe, akapiga picha, akampigia mwanawe chuoni. Shilingi 245,000, na risiti ya mashine.

Swali la mzee yule lina uzito kisheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi akimweleza mfanyabiashara kazi anayoitakia bidhaa na kutegemea ujuzi wake, bidhaa hiyo yapasa kuifaa kazi hiyo. Basi itamke haja yako mbele ya shahidi kabla hujahesabu noti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji, pamoja na kumwuzia kitu kilichotumika kwa jina la kipya. Ukikwama, Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Lakini bila risiti utaanzia wapi?

Lipo pia jambo lisilohitaji ruhusa ya mtu. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15 iitwayo IMEI. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, nawe utajibiwa aina ya simu hiyo. Jibu likitaja aina nyingine, ondoka. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozifungia simu bandia, mamia ya maelfu ya simu zilinyamaza nchini, na wengi wa wenye nazo walikuwa wamelipa bei ya simu halisi.

Boksi lenyewe usilitupe wala usiwape watoto wachezee. Namba ile ndiyo utakayoulizwa kituo cha polisi simu ikiibwa, na kwa abiria wa daladala za Uyole saa 12 jioni hilo si jambo la mbali.