Kusuuza sindano kwa maji hakutoshi

Wazazi wenye kijana anayejidunga unga huniuliza habari ya Ukimwi tu. Homa ya ini hawaiulizi, nayo hupita katika damu ile ile.

Huko maskani vijana husuuza bomba la sindano kwa maji, na wakiona wekundu umetoka, hupokezana. Madrasa tumesoma kuwa nguo yenye damu ikioshwa mpaka rangi, ladha na harufu vikaondoka, imetwaharika. Ni kweli, lakini hiyo ni hukumu ya tahara. Kirusi hakionekani wala hakinuki. Cha homa ya ini C huweza kubaki hai ndani ya bomba kwa wiki kadhaa, tena huambukiza kupitia kijiko, pamba na maji ya kuchanganyia, hata kama kila mmoja ana sindano yake.

Nyumbani, wembe na mswaki kila mtu na wake. Kula sinia moja na kuswali safu moja hakuambukizi, basi msimtengee sahani.

Mpelekeni apimwe VVU, homa ya ini B na C. VVU ina dawa za kufubaza. B ina chanjo kwa asiyeambukizwa, nanyi wa nyumbani mkiwemo. C huwapona wengi kwa vidonge vya wiki 12, wala haina chanjo.

Kuna pia methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Baadhi yetu husema ni ulevi kwa ulevi. Mimi sikubali: hunywewa, haidungwi, na huzuia arosto inayomrudisha kijana kwenye sindano.