Redio za upepo Vita vya Kagera: zilikufa kwa kutu, si kwa risasi

Wadau, kila ikitajwa Vita vya Kagera vijana mnauliza habari za vifaru na zile roketi zilizopewa jina la "Saba Saba". Redio hakuna anayeuliza. Mimi nilikuwa fundi wa redio za upepo, 1978 hadi 1979, na bisibisi yangu ilifanya kazi kuliko bunduki yangu. Ngoja niwaeleze.

Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na siku chache baadaye wakalilipua daraja la Kyaka. Januari 1979 tukavuka mpaka Mutukula, Masaka ikaanguka Februari, Kampala Aprili. Toka Mutukula mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na wengi walizitembea kwa mguu. Mnara wa simu haukuwepo. Kombania ikishazama kwenye migomba, kinachoiunganisha na wenzake ni boksi moja lililo mgongoni mwa opereta.

Sasa boksi hilo linakufaje? Watu wanadhani kwa risasi. Thubutu! Zilizoletwa kwangu na tundu la risasi nazihesabu kwa vidole. Zilizobaki ziliuawa na maji, vumbi na betri.

Betri ndiyo ilinizeesha. Redio ikipokea inakula umeme kidogo, lakini opereta akibonyeza kuongea inakula mara nyingi zaidi. Opereta mwenye maneno mengi anaimaliza kabla ya jua kuzama, ndiyo maana tulifundishana kusema kwa kifupi (na pia adui asipate muda wa kutafuta ulipo). Betri za asidi zinataka maji safi yasiyo na chumvi, sasa porini utayapata wapi? Tulikinga mvua kwa turubai. Tukikuta gari la adui limetelekezwa, wenzangu wanakimbilia chakula, mimi nakimbilia betri. Ila hapo kuna mtego: malori mengi ya jeshi yana betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kutoa 24. Redio ya volti 12 ukiichomeka kwenye zote mbili, unasikia harufu tu, basi, kwaheri.

Kitu cha pili ni antena. Kwa redio za masafa mafupi, chukua 143 ugawanye kwa masafa unayotumia kwa megahezi, unapata urefu wa waya kwa mita. Megahezi 5 inakupa kama mita 28 na nusu. Unaukata katikati, nusu huku nusu kule, unalisha redio pale kati. Kila kruta alitaka kuupandisha juu ya mti mrefu kabisa. Hapana! Ukitaka kuongea na mwenzako aliye nyuma ya kilima, ufunge chini, kimo cha mgomba hivi. Mawimbi yanapanda karibu wima, yanarudishwa na anga ya juu, yanamwangukia kama mvua. Usiku unashuka masafa ya chini zaidi, la sivyo mawimbi yanapenya anga na kupotea moja kwa moja.

Sasa Lukaya. Machi 1979, barabara inapita kwenye vinamasi, na Walibya walikuwa wamekuja kumsaidia Amin. Tarehe 10 tulisukumwa nyuma, mambo yakavurugika. Kikosi kimoja chetu kilikuwa kimya tangu jioni. Wapiga mizinga wanauliza: wale vijana wako wapi? Ukipiga bila kujua walipo, unaweza kuwaua mwenyewe. Usipopiga, adui anawafuata. Tuliita usiku kucha, kimya.

Kabla ya alfajiri akatokea mjumbe wao, tope mpaka kifuani, redio mgongoni. Nikaifungua, nzima kabisa. Nikafungua mkono wa kuongelea. Kwenye swichi ya kubonyeza kumeota kutu ya kijani, ya jasho na maji ya kinamasi. Maana yake redio ilikuwa inapokea vizuri tu, kutuma ndiyo ilikuwa haitumi. Usiku kucha walikuwa wanatusikia tunavyowaita kwa jina, wanabonyeza, wanajibu, na jibu haliendi popote.

Nilikwangua kwa wembe, nikapangusa kwa spiriti ya wauguzi, nikafunga kwa nailoni na utepe. Dakika kumi hazikufika. Mjumbe akarudi nayo gizani, na kulipoanza kupambazuka tukamsikia opereta wao anataja walipo, sauti imekauka. Mizinga ikaanza kupiga mbele yao. Wenzao watatu walikuwa wameshakufa usiku ule.

Toka siku hiyo hakuna redio iliyopita mezani kwangu kwa kusikiliza tu. Lazima itume, na aliye upande wa pili ajibu. Na kila mkono wa kuongelea ulifungwa nailoni, hata maofisa wacheke namna gani. Walicheka kweli, tukaingia Kampala nazo hivyo hivyo, zimefungwa kama maandazi ya kuuza.

Kama babu yako alikuwa opereta kule, muulize waya wake alikuwa anaufunga wapi.