Kivuko cha Makupa na Vita vya Dola Mbili

Vita vya Wareno na Waturuki katika karne ya 16 vilipiganwa Gujarat, Uhabeshi na Muscat, na mwangwi wake ulisikika hadi Sumatra. Kwa upande wa Afrika Mashariki vilimalizikia kwenye kivuko cha maji mafupi cha Makupa, kisiwani Mombasa, mwezi wa Machi 1589.

Chanzo kilikuwa biashara. Pilipili manga na viungo vingine vya Bara Hindi vilizoea kupanda Bahari ya Shamu hadi Misri, na kutoka huko vikauzwa Ulaya. Wareno walipozunguka Rasi ya Tumaini Jema na kutia nanga Mombasa Aprili 1498, nia yao ilikuwa kuikata njia hiyo na kuivutia faida Lisbon. Miaka 19 baadaye Sultani Selim wa Kwanza aliiteka Misri, na Dola ya Uthmania ikarithi njia ileile ambayo Wareno walikuwa wakiiziba. Kutoka hapo ugomvi haukuepukika.

Mwaka 1538 Waturuki walitoka Suez na merikebu nyingi, wakaitwaa Aden njiani, wakauhusuru mji wa Diu wa Wareno kule Gujarat, wakashindwa. Mwaka 1541 Wareno walipeleka askari Uhabeshi kumsaidia mfalme wa huko dhidi ya adui yake Ahmad Gran, na Waturuki nao wakampelekea Gran wapiga bunduki. Piri Reis, bingwa wa ramani, aliivamia Muscat mwaka 1552. Alirudi bila ya kuacha ushindi wa kudumu, na serikali yake mwenyewe ikamkata kichwa. Hata sultani wa Aceh, mbali kule Sumatra, aliomba mizinga kutoka Istanbul apigane na Wareno wa Malaka. Ukitazama ramani, ni vita vya nusu ya dunia. Pwani ya Waswahili ilikuwa pembeni yake tu, na huko pembeni miji ilikuwa na ugomvi wake wa zamani.

Mombasa na Malindi hazikupatana. Mombasa ilikuwa na bandari bora na watu wengi zaidi, na Malindi ikaona katika Wareno rafiki wa kuinua mizani. Vasco da Gama, aliyewaongoza Wareno wale wa 1498, alipopata shida Mombasa alipokewa vizuri Malindi, akapewa na rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Baada ya hapo Mombasa ilichomwa moto mara mbili: mwaka 1505 na Francisco de Almeida, kisha mwaka 1528 na Nuno da Cunha, safari hii kwa msaada wa watu wa Malindi. Baada ya shambulio la kwanza mfalme wa Mombasa alimwandikia mwenzake wa Malindi barua ya kumtahadharisha kuhusu wageni wale. Malindi haikubadili msimamo, na kwa hesabu zake za wakati ule ni vigumu kuilaumu. Mombasa nayo ilijengwa upya kila mara. Mawe ya matumbawe hayaungui, na jahazi za kutoka Arabuni na Gujarat ziliendelea kuja na kila kaskazi.

Upepo huo ndio uliotawala ratiba ya vita vyote hivi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na huleta vyombo vya Arabuni na Bara Hindi; kusi huvirudisha kwao. Kwa hiyo Mturuki wa Yemen na Mreno wa Goa, makao ya Wareno Bara Hindi, walisubiri upepo mmoja ili kufika Mombasa, na aliyechelewa msimu alichelewa mwaka.

Katika msimu wa kaskazi wa 1585 na 1586 alitokea baharia Mturuki, Mir Ali Bey. Liwali wa Yemen, Hasan Pasha, ndiye aliyemtuma, na nguvu aliyokuja nayo ilikuwa ndogo mno kwa kazi ya kuteka pwani. Alishika silaha nyingine: habari. Alitangaza kwamba sultani wa Istanbul amemtuma kuikomboa pwani, na kwamba jeshi kubwa linamfuata nyuma. Mogadishu ilimpokea, ikafuata miji mingine kutoka Barawa hadi Faza, na Mombasa ikaahidi utii na kuomba ngome na askari. Malindi peke yake ilikataa. Mir Ali aliteka vyombo vya Wareno, akarudi Bahari ya Shamu na mateka na mali.

Lisbon wakati huo haikuwa na mfalme wake. Sebastião aliuawa vitani Morocco mwaka 1578, na tangu 1580 taji la Ureno lilikuwa juu ya kichwa cha Philip wa Pili wa Hispania. Lakini uamuzi wa pwani ulifanywa Goa, na Goa haikungoja. Mwaka 1587 kikosi cha Martim Afonso de Melo kiliiangamiza Faza, kikamuua mtawala wake, na hata minazi kikaikata. Mnazi huchukua miaka mpaka uzae, kwa hiyo adhabu ile ilikusudiwa idumu zaidi ya maisha ya mtawala. Mombasa nayo iliporwa na kuchomwa, wenyeji wakiwa wamekwisha kukimbilia vichakani.

Mir Ali alirudi mwishoni mwa 1588 na merikebu tano. Alijaribu kuishambulia Malindi usiku, mizinga ya Wareno waliokuwako ikamzuia. Akaendelea hadi Mombasa, akajenga ngome kwenye mlango wa bandari na kupanga mizinga yake. Safari hii habari zilikwisha kufika Goa kabla yake. Tarehe 30 Januari 1589 Tomé de Sousa Coutinho, ndugu wa gavana wa Goa, aling'oa nanga na vyombo vipatavyo 20 na askari wapatao 900.

Alipofika Mombasa tarehe 5 Machi aliikuta na vita viwili. Ng'ambo ya Makupa, upande wa bara, walikuwa wamepiga kambi Wazimba, wapiganaji waliotoka pande za mto Zambezi na ambao walikwisha kuivunja Kilwa. Mtawa wa Kireno João dos Santos, ambaye kitabu chake ndicho kinachotegemewa sana kwa habari hizi, anawaeleza kama walaji watu. Inafaa kukumbuka kwamba aliyasikia mengi kutoka kwa waliowakimbia.

Jiografia ya kisiwa ndiyo inayoeleza yaliyofuata. Mkono wa bahari unaingia kutoka bandari ya zamani, unapita kati ya Mji wa Kale na Nyali, unazunguka Tudor na kutanuka kuwa ghuba pana yenye mikoko. Mkono mwingine unaingia kwa upande wa Kilindini. Inakaribiana Makupa, na hapo ndipo bara na kisiwa vilipokaribiana zaidi. Wakati ule maji yakijaa, chombo kilipita. Yakipwa, palibaki tope, mizizi ya mikoko na maji ambayo mtu aliweza kuyavuka kwa miguu. Leo barabara ya kwenda Changamwe inapita mahali hapo, na anayekaa Tudor akiangalia maji yakipwa jioni anaweza kuona kwa nini kivuko kilihitaji mlinzi.

Mlinzi huyo alikuwa Mturuki. Mir Ali alikuwa ameweka baadhi ya merikebu zake Makupa, na mizinga yake iliwazuia Wazimba wasivuke. Kikosi cha Goa kiliingia bandarini chini ya mizinga ya ngome, kikaziteka merikebu za Waturuki zilizokuwa mjini, kisha kikazifuata zile za kivukoni. Hapo kivuko kikabaki wazi. Dos Santos anasimulia kwamba mkuu wa Wazimba alimpelekea Coutinho ujumbe: kwa kuwa Wareno wamemaliza kazi yao, yeye aruhusiwe kuanza yake. Coutinho akaridhia. Hii ndiyo diplomasia ya vita vile katika sura yake tupu.

Tarehe 15 Machi Wazimba walivuka. Watu wa Mombasa na Waturuki waliobaki walikimbilia ufukweni, wakajitosa majini kuelekea merikebu za adui, kwani utumwa kwa Mreno ulionekana nafuu. Wengi walizama. Mir Ali Bey mwenyewe aliokolewa na kutekwa. Alipelekwa Goa, kisha Lisbon, ambako inasimuliwa kwamba alibatizwa.

Coutinho alipanda kaskazini kuiadhibu miji iliyompokea Mturuki. Mtawala wa Lamu alikatwa kichwa Pate mbele ya watawala wenzake, na minazi ya Manda ikaangushwa. Waturuki hawakuleta tena kikosi cha namna ile pwani hii. Wazimba waliendelea hadi Malindi, na huko Wasegeju waliwashambulia kwa nyuma na kuwavunja.

Wasegeju haohao waliishika Mombasa baadaye, wakamwita mtawala wa Malindi, Sultani Ahmad, akakalie kiti cha maadui zake wa kale. Wareno walimfuata. Tarehe 11 Aprili 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, fundi wa kutoka Milan, mdomoni mwa bandari ya zamani. Ukoo wa Malindi ukapata Mombasa na fungu la ushuru wa forodha yake, pamoja na kapteni wa Kireno wa kugombana naye kila mwaka. Malindi yenyewe, bila ya mtawala wala soko lake, ilianza kupoteza watu, na katika karne iliyofuata nyumba zake za mawe zikaota magugu.