"Nakusihi": neno la mtu anayeweza kuamuru

Huku mashariki anayehitaji kitu husema "nakuomba". "Kusihi" tunalisikia zaidi kanisani, na wengi hudhani ni kuomba kwa heshima tu. Lakini anayeomba chumvi kwa jirani hamsihi. Anayesihi hujishusha, hurudia, hugusa moyo wa mwenzake, na bado humwachia nafasi ya kukataa.

Tusome Filemoni. Mstari wa 8, Paulo asema angeweza kumwagiza. Mstari wa 9 na wa 10 aacha amri, amsihi mara mbili kwa ajili ya Onesimo, mtumwa wake. Ajitaja kuwa mzee na mfungwa. Cheo cha utume hakitaji hata katika salamu. Kwa Kigiriki ni parakaleo: para, kando, kaleo, kuita. Yaani kumwita mtu aje karibu nawe. Neno hilohilo ndilo "kufariji" katika 2 Wakorintho 1:4, na katika shina lake limetoka jina la Msaidizi, Yohana 14:16.

Sasa, wako viongozi wanaotafutia makao ndugu waliokimbia vita. Huandika "tunawasihi", kisha huongeza kwamba asiyepokea mgeni jina lake litasomwa mbele ya kanisa. Huko si kusihi tena. Paulo hakumtisha Filemoni. Alisema kama Onesimo ana deni, aandikiwe yeye (mstari wa 18). Basi mchungaji anayewasihi waumini wafungue nyumba zao aseme pia yeye analeta nini: unga, mkeka, au chumba kimoja cha kwake.